Uzi Wowote Utafaa

"Malkhaz, nakuuliza tena. Upande wa abiria nishone kwa uzi gani?"

"Uzi wowote utafaa, mpenzi. Tumia ule mnene."

Eteri akasimamisha cherehani. Katika ua wa ghorofa zao pale mjini Rustavi, yeye alishona ngozi za dashibodi. Mchumba wake Malkhaz alifufua magari ya haibridi yaliyogongwa Amerika. Hili lilikuwa la jirani yao Badri, ila Jumapili lingewapeleka wao kanisani kwanza, kufunga ndoa.

Uzi mnene? Malkhaz huyuhuyu ndiye aliyemfundisha kwamba mbele ya mfuko wa hewa hushonwa uzi dhaifu, ili siku ya ajali mfuko upasue ngozi utoke.

Akachukua wembe, akaingia garini, akaichana ngozi ya muda iliyofunika dashibodi upande wa abiria.

"We Eteri! Una wazimu?"

Ndani, mahali pa mfuko, palijaa sponji. Pembeni, nyaya mbili zilikuwa zimeungwa na kidude kidogo kama punje ya mchele.

"Hiki nini?"

"Kinazima taa ya onyo tu."

"Kinadanganya! Gari liamini lina mfuko, Badri aamini, na mimi ndiye wa kukushonea uongo wako!"

"Punguza sauti, watu wako madirishani."

"Wasikie!"

"Mifuko imeadimika, Eteri. Wengi wanafanya hivi. Breki nimetengeneza, mikanda mipya, betri kubwa nimekagua mwenyewe. Gari ni zima!"

"Vizuri. Jumapili mama yako akae kiti hiki."

Malkhaz akafuta mikono kwenye suruali.

"Mama atapanda gari la rafiki yangu Zaza."

"Kwa nini?"

"Si unawajua rafiki zangu kwenye msafara wa harusi? Honi, kupitana, fujo tupu..."

"Na hapa angekaa nani?"

Malkhaz akaanza kukusanya spana zake.

"Nani, Malkhaz?"

"Wewe. Lakini ni njia fupi, jamani!"

Eteri akatoa simu.

"Kaka Badri, shuka. Malkhaz ana neno kuhusu gari lako."

"Nakuja, dada. Mke wangu naye anataka kuliona."

"Njoo naye. Yeye ndiye atakayekaa mbele."

Akakata.

"Umeniua, Eteri."

"Hajafa mtu bado. Ndiyo maana nimepiga."

Badri alishuka na kandambili, mkewe nyuma yake. Malkhaz alianza kuzungukazunguka kwa maneno.

"Sema wazi," Eteri akamkatisha.

Akasema. Mke wa Badri akachungulia lile shimo la sponji, akashika tumbo lake la miezi saba.

"Na kahawa yangu ulikuwa unakunywa kila asubuhi," akamwambia Malkhaz, akageuka kupanda ngazi. Badri alibaki akimtukana mpaka sauti ikamkauka.

Jioni ujumbe ukaingia kwa Eteri: "Nimepata mfuko wa kweli Kutaisi, naufuata kesho. Nisamehe. Jumapili utakuja?"

Aliusoma akiwa amesimama. Akajibu:

"Mfungie Badri mfuko wake. Mama yako ulijua pa kumkalisha, na mimi ulijua pa kunikalisha. Jumapili nenda na mama yako."