Niliungama Sigara Ambazo Sikuvuta

Nina miaka arobaini na tatu, mujane, mama wa mutoto mumoja tu, Neema, mwenye miaka kumi na tatu. Hapa Kalemie wengi walinijua kwa samaki wangu wa moshi. Siku hizi wananijua kwa jambo lingine... na jambo lenyewe ni uongo nilioutoa kwa kinywa changu mwenyewe.

Nisikilizeni mupaka mwisho, kisha munihukumu.

Kikohozi kilinianza kidogo kidogo. Nikasema ni moshi wa kukaushia samaki wa mikebuka. Nani auzaye samaki wa moshi asiyekohoa? Nikakonda, kikwembe cha kujifunga kiunoni kikawa kinanizunguka mara mbili. Dawa za kifua kikuu nilimeza, hakuna kitu. Mwishowe nikapelekwa hospitali ya Lubumbashi, wakapiga picha, wakatoa kipande cha nyama ndani ya kifua, na munganga akanieleza polepole: kansere ya mapafu. Akasema haiambukizi. Akasema pia inampata hata muntu asiyewahi kugusa sigara. Mimi sijawahi, hata kwa mchezo.

Niliporudi, swali lilikuwa moja. Sokoni, bandarini, mulangoni pa kanisa: "Ulikuwa unavutaka?" Hawakuuliza kama nimelala, kama nimekula. Nikijibu hapana, muntu anatazama pembeni. Munajua inavyouma, kuwa mugonjwa na bado unasimamishwa kama mwizi?

Wakati niko Lubumbashi, Neema alikaa kwa wifi yangu, Mama Odile, dada mukubwa wa marehemu mume wangu. Niliporudi akakataa kumurudisha. Yeye ndiye anaongoza kikundi cha maombi kule kwao.

"Ugonjwa huu uliingia kwa mulango," aliniambia. "Sema ulichokuwa unafanya kwa siri, Mungu akuponye. Mutoto hawezi kulala kwenye nyumba ya siri."

Nililia. Nilipiga magoti, mimi ambaye sikuogopa hata wakubwa wa bandari! Hakutikisika. Nilikuwa nimebakiza muda gani wa kuishi? Sikujua. Nilijua tu kwamba kila asubuhi naamka, na upande wa mutoto wangu kitandani ni baridi.

Basi Jumapili moja nikasimama mbele ya kikundi kizima. Nikasema nimevuta miaka mingi, nyuma ya majiko ya samaki, watu wasinione. Nikataja hata aina ya sigara, ili waamini. Wakaimba, wakapiga vigelegele. Mama Odile akanikumbatia analia kwa furaha, na jioni ile akaniletea Neema na mufuko wake wa nguo.

Nikafikiri nimeshinda. Kumbe Neema alikuwa ameketi kule nyuma na wenzake. Alisikia kila neno...

Tangu siku ile ni hivi tu. Ananichotea maji, ananipikia bukari, ule ugali wetu, anageuza uso. Asubuhi moja nilikohoa mupaka nikashika ukuta, akaniuliza: "Mama, ulipokuwa unavuta, hukunifikiria mimi?"

Nikamueleza ukweli wote. Akanisikiliza kwa adabu, vile muntu anavyomusikiliza mulevi. Akasema, "Lakini ulisema mbele ya Mungu, Mama."

Nikaenda kwa Mama Odile, nikamuomba anisaidie kumuambia mutoto kwamba sikuvuta. Alijibu kwamba shetani ananirudisha nyuma.

Sasa kansere imefika mgongoni. Pumzi ni za kuhesabu. Na kuna kitu kinachonitisha kuliko kifo: siku hizi nasikia harufu ya sigara humu ndani, na hakuna anayevuta. Naota mwanamuke amechutama nyuma ya jiko, anavuta, anageuka... ana uso wangu.

Ndugu zangu, mukimuona mugonjwa wa mapafu, musimuulize alivuta ao hakuvuta. Na kama alivuta, je, ndiyo afe peke yake? Keti naye. Muulize amelala namna gani. Ongea naye habari za bei ya mafuta, maana bado anaishi! Na wewe mugonjwa mwenzangu, usinunue amani kwa uongo, hata wakikushikia mutoto. Mutoto watakurudishia, lakini hatakuwa yule waliyemuchukua.

Maneno haya anaandika Neema, kwa kuwa mukono wangu umekataa. Ameandika yote, hajaruka neno. Sasa hivi nimemuuliza kama anaamini.

Ameniambia nipumzike.