Sauti ya Tano

Kilian Ndunguru alifika Lituhi saa kumi na mbili jioni kufuata karatasi. Karatasi moja tu. Cheti chake cha kidato cha sita, kilicholala kwenye sanduku la shangazi yake Hildegardi tangu enzi za shule. Usaili ulikuwa kesho, Songea, saa tatu asubuhi, wa kwanza kuitwa ndani ya miaka minne, na walitaka original. Miaka minne, jamani. Digrii ya kompyuta, GPA tatu nukta nane, halafu kazi ni kufufua simu na gemu za watoto kwenye kibanda cha stendi Mbinga. Nchi hii inataka graduate wa miaka ishirini na mbili mwenye experience ya miaka kumi.

Shangazi alikataa kukituma kwa gari. "Njoo mwenyewe," alisema kwenye simu.

Basi akaja, kwa pikipiki ya Praygod, bodaboda wa pale stendi, ambaye alibaki barabarani akipoza injini.

"Shikamoo shangazi."

"Za safari," akajibu yule mama kutoka ndani.

Hakusema marahaba. Kilian akaliona hilo, akalimeza. Pengine siku hizi hata mashangazi hawawaitikii wasio na ajira.

Nyumba ilinuka usipa wakavu, wale dagaa wa ziwani, na kitu kingine... kama maji yaliyosahaulika mtungini.

"Cheti kipo," shangazi akasema. "Ila nitazamie hiki kwanza. Kimenyamaza."

Ilikuwa gemu ya mkononi, ya zamani, plastiki ya kijivu iliyogeuka njano. Kilian akaitia betri mpya. Kioo kikawaka. Kimya.

Ugonjwa wake aliujua kabla ya kugusa skrubu. Ndani ya tundu la earphone kuna kibati. Kikikwama, mashine inadhani umevaa earphone, inaiziba spika ya nje. Akatoa zake mfukoni, akachomeka ili ajihakikishie.

Muziki ukaja.

Mtamu. Hilo lazima lisemwe. Watu huzicheka gemu za zamani, eti zinalia kama mbu. Hawajui kitu. Kilian aliziandikia utafiti wake wa mwaka wa mwisho: chipu ile ina sauti nne tu. Mbili zinaimba, ya tatu inabeba besi, ya nne ni mchakacho mtupu, shhh, ambao mtunzi hodari anaugeuza mvua, risasi au wimbi. Mtunzi anabanwa humo kama familia ya watu kumi kwenye chumba kimoja, na bado wimbo unatoka. Akafumba macho, akazihesabu kama kawaida yake.

Moja. Mbili. Besi. Mchakacho.

Tano.

Akafumbua macho. Haiwezekani. Chipu haina pa kuiweka. Lakini ilikuwepo, chini ya mchakacho, ikipumua... ikisogea... mpaka ikafika ndani kabisa ya sikio la kushoto.

"Shikamoo."

Sauti ya mtu mzima. Ya kike. Taratibu.

"Marahaba," Kilian akasema.

Mdomo wa Mtanzania haungoji akili. Umefunzwa tangu maziwa.

Baridi ikamshika vifundoni.

Si baridi. Vidole.

Akatazama chini. Sakafu tupu. Akajaribu kuinuka, magoti yakakubali, nyayo zikagoma. Mwalimu wa Kiswahili aliwahi kuwaambia kwamba zamani neno shikamoo lilimaanisha nashika miguu yako. Darasa zima lilicheka.

Akachomoa betri.

Muziki ukaendelea.

"Umeitikia," shangazi akanong'ona. Alikuwa amesimama kizingitini, ametanguliza mguu mmoja nje, kama mtu anayepima maji.

"Shangazi... ile sauti ni yako."

"Ya sasa ndiyo yangu. Mimi nilisikia ya mwanamume. Simjui, aliongea kama watu wa ng'ambo ya ziwa. Niliinunua mnadani, ya wajukuu. Nikaitikia. Miaka sita, mwanangu, sijavuka mlango huu. Mume wangu walimzika pale nyuma ya kanisa, mimi nikasikilizia nyimbo dirishani."

"Ukaniita mimi."

"Spika ilikufa. Nani angeisikia?" Akajifuta uso kwa ncha ya khanga. Alikuwa analia, tena kwa kweli. "Wewe huna mke. Huna kazi."

"Kazi ni kesho."

Shangazi aliweka cheti mezani, akakilaza vizuri, kisha mguu wa pili nao ukatoka. Kilian akasikia hatua mchangani. Polepole. Kisha haraka. Kisha mbio. Mama wa miaka sitini na tisa, mbio.

Vile vidole vikakaza.

Lakini mikono ilikuwa huru. Akachukua bisibisi, akafungua, akakitafuta kibati kwa ncha ya pini. Kikasema *tik*. Kazi safi, dakika tatu. Waya wa earphone tu ndio uliobaki kuizuia spika isiseme.

Nje honi ililia mara mbili.

"Msomi, giza hilo," Praygod akaita. "Zile kona na taa yangu hawana urafiki."

Kilian alikitazama cheti. Songea, saa tatu asubuhi. Akamfikiria Praygod, baba wa watoto wanne, mzee wa kanisa, mtu aliyempa koti lake walipokutwa na mvua njiani mchana ule na yeye akalowa hadi mifupani.

"Ingia ndani, bro," akasema. "Kuna kitu nataka usikilize."

Praygod akainama chini ya mlango, matope hadi magotini, akitabasamu.

Kilian akavuta waya.

"Shikamoo," ikasema ile spika ndogo, safi, bila mkwaruzo hata mmoja. Ilikuwa sauti ya Kilian mwenyewe, na midomo yake ilikuwa imefumbwa.

Praygod akacheka. Mwaka mzima amembeba kijana huyu, na hajawahi kuamkiwa naye hata siku moja.

"Leo msomi kanikumbuka," akasema, akavua helmeti ili aitikie vizuri.