Jedidah na Marafiki

Kama hujawahi kuingia duka la Kiafrika kule Alief, mjini Houston, Jumamosi asubuhi, basi bado hujajua kusukumana. Magari yamejaa mpaka barabarani, watoto wanalilia biskuti kwa Kiingereza, mama zao wanawakaripia kwa lugha sita, na kwenye foleni kila mtu ananunua kadi ya kupigia simu nyumbani. Hapo ndipo Jedidah Nderitu, mwezi wa pili mwaka 2006, alipopata balaa lake tamu, mbele ya friza la mboga.

Alikuwa ametoka zamu hospitalini moja kwa moja, sare ya nesi yenye maua bado mwilini, macho mekundu kwa usingizi. Ameshika pakiti ya majani yaliyogandishwa, anaigeuza huku na huku.

"Hiyo si sombe, si majani ya muhogo," sauti ikasema nyuma yake. "Hiyo ni mboga ya Banigeria. Ukiipika kama sombe, utalia."

Akageuka. Mwanamke mrefu, jinzi imemkaa sawasawa, shati jeupe la kiume limekunjwa mikono, kilemba cha kitenge cha manjano, na mwanya katikati ya meno. Jedidah akasahau alichotaka kupika.

"Na nani amekuambia natafuta sombe?"

"Weye ni Mukenya, minakuona. Bakenya banakuja hapa kutafuta sukuma wiki, banarudi na huzuni."

"Ala! Kumbe umenichunguza."

"Tangu kwa mchele," alijibu yule dada bila haya.

Alipotoa pochi ili aende kulipa, karatasi ikamponyoka ikaanguka. Jedidah akainama akaiokota, na kwa kuwa ana macho, akaisoma. Filamu inatengenezwa, karatasi ilisema, kuhusu historia ya wanaume na wanawake wa Houston wanaopenda watu wa jinsia yao: baa zao za zamani mtaa wa Montrose, misako ya polisi, maandamano. Wasaidizi wanatakiwa.

Yule dada akaacha kutabasamu. Alikuwa amesimama wima anangoja kutukanwa. Jedidah akatupa jicho kule kwa keshia, ambako Mama Kiplagat wa kanisani kwao alikuwa anagombana na muuzaji juu ya bei ya mbuzi. Kisha akaikunja ile karatasi mara nne, na badala ya kuirudisha akaitia mfukoni mwa sare yake.

"Hii nimechukua," alinong'ona. "Una nyingine?"

"Niko na sanduku muzima kwa gari," yule dada akasema, na mwanya ukarudi.

Aliitwa Mado. Alizaliwa Bukavu, ambako alifanya kazi ya sauti katika redio ndogo. Vita vikamtoa, akakaa Nairobi miaka saba, ndipo akaletwa Texas. Sasa alikuwa anafunga maboksi katika ghala moja kwenye mji wa Grand Prairie, na kila wikendi ya pili aliendesha gari kwa saa nne kuja Houston kumrekodia sauti Opal, bibi wa miaka sabini aliyekuwa anatengeneza ile filamu kwa pesa zake za uzeeni. Haikuwa imetimia hata miaka mitatu tangu Mahakama ya Juu ya Marekani ifute sheria ya Texas iliyowafanya watu kama wao wahalifu, na Opal alitaka waliowahi kukamatwa waongee kabla hawajazikwa na maneno yao.

Mapenzi yakaanza, na simu ikapata kazi. Siku za wiki dakika zilikuwa za kulipia, kwa hiyo waliongea kwa haraka kama watu wanaozimiwa taa. Wikendi zilikuwa za bure, wakaongea mpaka simu ikachoma sikio.

"Umekula, sweetie?"

"Nimekula ugali na sauti yako."

"Wewe mwongo mkubwa. Utakuja Jumamosi?"

"Juu ya nini nisikuje? Weye uko na nyumba ya vyumba vitatu huko Katy, unalala kimoja. Vile vingine vinalia."

Jedidah alicheka mpaka wagonjwa wakauliza nesi amepata nini. Lakini kuna jambo moja ambalo Mado hakulitania. Alilisema mapema, wamekaa ndani ya gari, vioo vimefungwa.

"Nairobi nilipenda mwanamke miaka mitatu. Wageni wakikuja, ananiita mfanyakazi wake wa nyumbani. Nilikuwa nabapa bageni chai. Jedi, mimi siombi kitu kingi. Usinifiche. Siku utanificha, minaenda, na sirudi."

"Sitakuficha," Jedidah aliapa. Na alimaanisha. Ila kumaanisha ni jambo moja, na Mama Kiplagat ni jambo jingine. Yule mama alikuwa amempokea uwanja wa ndege mwaka wa tisini na nane na koti mkononi, akamfundisha kuendesha gari, akakaa kando ya kitanda chake alipofanyiwa operesheni. Kila Jumapili alikuwa akimuuliza, "Na bwana je?" Jedidah alikuwa akijibu kwamba anaomba.

Mwezi wa tano Opal akaishiwa. Filamu ilikuwa imebaki kuunganishwa tu, na pesa hazipo. Kamati ya filamu, ambayo Jedidah naye alikuwa ameshajiunga nayo, ikakaa sebuleni kwake kupanga mchango, na Wamarekani wakapendekeza mnada wa kimya: vitu vinawekwa mezani, kila mtu anaandika bei yake kwenye karatasi polepole, anaondoka.

"Kimya?" Jedidah akashtuka. "Mchango wa kimya? Kwetu tukichanga namna hiyo watu wangedhani kuna aliyefariki, na hata msiba huwa tunachanga kwa kelele!"

Akawaeleza harambee. Kuna mshereheshaji. Kila bahasha inafunguliwa mbele ya watu na jina linasomwa kwa sauti. Keki inapigwa mnada kipande kwa kipande. Mtu analipa ili mwenzake asimame acheze, na mwenzake analipa zaidi ili aketi. Opal akapiga goti lake kofi. "Hiyo ndiyo nataka!"

Jedidah akamleta Shem, wa maabara ya hospitali, ambaye hakuna harambee ya Wakenya Houston aliyokosa kuiendesha. Chakula akakiagiza kwa Mama Kiplagat. Alipoulizwa ni harambee ya nini, alijibu, "Ya filamu ya historia ya Houston." Haukuwa uongo. Haki, ulikuwa nusu ya ukweli, ile nusu isiyouma.

Siku ikafika, Jumamosi mchana, jua la mwezi wa sita linachoma lami. Ukumbi wa Montrose ulifurika. Wazee wa kiume walikuja na kofia za kauboi na mashati ya hariri, wengine wameshikana mikono. Akina mama wenye nywele nyeupe walikuja na buti zinazong'aa. Mado alikuwa ukutani, suruali nyeusi, hedifoni juu ya kilemba, anarekodi kila kitu. Jedidah alivaa gauni la zambarau lililomfanya Mado akosee kubonyeza vitufe mara mbili.

"Hawa wazee wa hapa wanapendana kweli," Mama Kiplagat alisema mezani pake, huku akipanga chapati.

"Sana, mama," Jedidah akajibu, akaanza kupanga sahani.

Shem akapanda jukwaani na suti ya krimu, akaanza kuwachemsha. Mzee mmoja akalipa ili Opal acheze, Opal akalipa ili asicheze, watu wakacheka mpaka machozi. Kisha zikaja bahasha. Moja baada ya nyingine, majina na makofi. Jedidah alijua yake iko katikati. Juu yake alikuwa ameandika kwa mkono wake, usiku uliopita, baada ya kuchana bahasha mbili: *Jedidah na Mado*. Hakumwambia Mado. Alitaka asikie mwenyewe masikioni mwake, kwenye zile hedifoni.

Shem akaichukua, akaitupia jicho la haraka, na mdomo wake ukafanya ulichozoea kwa miaka kumi kila mwanamke asiye na mume alipotoa bahasha.

"Jedidah Nderitu na marafiki! Makofi!"

Ukumbi ukapiga makofi. Jedidah akafungua mdomo kumsahihisha. Akamwona Mama Kiplagat anampigia makofi kwa mikono yenye unga, anatabasamu kwa fahari. Akafunga mdomo. Na tuseme ukweli, kwa sekunde mbili alipumua kwa nafuu.

Zilikuwa sekunde mbili, lakini Mado alikuwa anamtazama. Aliiona ile nafuu. Akavua hedifoni, akaziweka juu ya kiti taratibu kama mtu anayelaza mtoto, akatoka.

Jedidah akapiga simu. Haikupokelewa. Akapiga tena. Angeweza kukimbia nje ajitetee: niliandika, ni Shem, si mimi. Lakini alijua kilichomtoa Mado hakikuwa Shem.

Akapanda jukwaani, gauni limekunjwa mkononi, akamnyang'anya Shem kipaza sauti.

"Natoa dola hamsini zaidi," alisema kwa Kiingereza, "ili bahasha yangu isomwe vile ilivyoandikwa."

Shem akaitazama tena. Rangi ikampotea. "Haki ya Mungu, Jedi, mdomo umezoea. Inasema *Jedidah na Mado*."

"Mado si marafiki," Jedidah akasema. "Mado ni mmoja. Ni mpenzi wangu."

Wee! Ukumbi ulilipuka. Mama Kiplagat alikuwa ameingia jikoni kuleta pilau, hakusikia neno. Kofia zikarushwa. Wazee waliowahi kulala rumande kwa kosa la kucheza dansi pamoja walisimama juu ya viti. Ni Opal peke yake aliyetazama ukutani, akauliza, "Mado mwenyewe yuko wapi?"

Alikuwa nje, ndani ya gari lake, injini inanguruma, anajaribu kurudi nyuma huku machozi hayamwonyeshi kioo. Opal akasimama nyuma ya gari na mkongojo wake, akagoma kusogea. Akamweleza yote pale pale juani. Mado akazima injini.

Jedidah alimkuta mlangoni.

"Nimesikia umesema," Mado alianza.

"Nimesema mbele ya watu wote."

"Kwa Kizungu. Mbele ya batu benye habakujue, wenye watakupigia makofi." Mado akapangusa shavu kwa kiganja. "Ule mama pale, yeye hajapiga makofi. Anauliza dada wa soda kumetokea nini, na dada hajui kumweleza. Mbele yake, Jedi, mimi ni nani?"

Jedidah akamsogelea. Alimshika mkono, na vidole vyake mwenyewe vilikuwa baridi ingawa ni Texas mwezi wa sita. Wakapita katikati ya viti. Meza ya chakula ilikuwa mbali, jamani, mbali kuliko Grand Prairie.

Mama Kiplagat aliwaona wanakuja. Aliona mikono. Akaweka kijiko chini.

"Mama," Jedidah akasema kwa Kiswahili, na sauti ikamtoka ndogo, akairudia kubwa. "Mama, ulikuwa unaniuliza kila Jumapili. Hakuna bwana. Hakutakuwa na bwana. Huyu ni Mado. Ni mpenzi wangu, nampenda, na nilikuficha kwa sababu naogopa kukupoteza."

Mama Kiplagat akapangusa mikono. Akawatazama wale wazee walioshikana mikono, mmoja mmoja, kana kwamba anawahesabu upya. Akamtazama Jedidah, ambaye yeye mwenyewe alimvalisha koti uwanja wa ndege. Akamtazama Mado kuanzia kilemba mpaka viatu, na kurudi.

"Mimi sijui Mungu atasema nini juu ya hii," akasema hatimaye. "Nitamuuliza. Na wewe, ya kunidanganya na historia ya Houston, tutaongea mimi na wewe."

"Ndiyo, mama," Jedidah akasema, machozi yanamtiririka.

Yule mama akachukua sahani. Akaweka pilau, akaweka nyama, akaongeza nyama. Akamgeukia Mado.

"Wewe mkonde. Unakula pilipili?"