Sauti ya Bibi Mkunga

Kila alasiri akitoka shule, Chiriku aliingia nyumbani kwa mlango wa mbele, ule wa ofisi ya mama yake. Ilikuwa ofisi ya kuchapa na kutoa kopi: chumba kimoja chenye kompyuta mbili, mashine ya kopi yenye kelele nyingi na benchi la wateja. Chiriku alibadili sare, akala, akafagia vipande vya karatasi chini ya meza, kisha akaketi kwenye kompyuta ya pembeni. Jina la Chiriku alipewa na bibi yake, kwa kuwa tangu alipojua kusema hakunyamaza.

Wiki ile alikuwa na kazi kubwa kuliko hesabu za shule. Bibi yake, mzaa mama, alikuwa anastaafu. Kwa miaka thelathini na minane alikuwa mkunga katika zahanati ya mtaa, na nusu ya wanafunzi wa darasa la Chiriku walipokelewa na mikono yake. Ijumaa angeagwa rasmi. Lakini bibi alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa koo, na daktari alimkataza kusema hata neno moja kwa mwezi mzima.

Bahati nzuri, siku moja kabla ya upasuaji, Chiriku alimrekodi kwa simu ya mama akitoa maneno yake ya kuaga. Muuguzi mkuu wa zahanati, ambaye wote walimwita Sista, alimwomba Chiriku aipunguze video hiyo na kuongeza picha za zamani, ili ionyeshwe ukutani siku ya sherehe.

"Hiyo ndogo, Sista! Niachie mimi," Chiriku alijibu bila kusita.

Jumanne alihamisha rekodi hiyo, iliyokuwa na vipande vitatu vya video, kutoka kwenye simu, akavifungua katika programu ya kuhariri. Midomo ya bibi ilicheza. Mikono yake ilipanda na kushuka. Sauti, hakuna! Chiriku alipandisha sauti ya kompyuta hadi mwisho. Kimya. Akachomoa spika, akazichomeka tena. Kimya. Akafunga programu na kuifungua upya. Kimya kile kile.

Hapo hapo simu ya mama ikaita. Alikuwa Sista. "Haya, mwanangu, kazi yetu imefika wapi?"

"Imekwisha, Sista. Bado kupambapamba tu," alijibu, na papo hapo akahisi masikio yanawaka moto.

Binamu yake, kijana wa sekondari aliyekuwa akitoa kopi za mitihani, alisikia yote. Akasogea na kuitazama skrini. "Unahangaika bure. Mama mdogo na bibi sauti zao ni pacha. Mwandikie maneno, asome, uyabandike juu ya picha. Nani atajua?"

Wazo lile lilimkaa Chiriku kichwani. Wakati wa chakula cha jioni bibi alimtazama, akaigiza kwa vidole mtu anayechapa, kisha akainua nyusi: vipi, inakwenda? Chiriku akatikisa kichwa kukubali. Bibi alimwamini kabisa. Alicheka bila sauti na kuendelea kula.

Jumatano alitoka mapema, akapitia zahanati kabla ya shule. Alimkuta Sista akipanga kadi za kliniki.

"Shikamoo, Sista. Jana nilikudanganya," alisema kwa pumzi moja. "Video haijaisha. Haina sauti kabisa. Nimejaribu nimeshindwa."

Sista aliweka kadi chini. Hakukunja uso. "Marahaba. Ngoja nikuulize. Mgonjwa akija akaniambia anaumwa, nampa dawa hapo hapo?"

"Hapana. Unamuuliza kwanza."

"Namuuliza nini?"

"Panapouma. Na palianza lini."

"Basi nawe kaihoji hiyo video. Mambo ya kompyuta mimi siyajui, lakini kutafuta ugonjwa najua. Usibonyezebonyeze kila kitu kama mtu anayefukuza kuku. Tafuta sauti inasikika wapi, na inapotelea wapi. Jioni uniambie ulichoona, hata kama hujaona kitu."

Alasiri ile Chiriku alichukua daftari na kuanza. Aliicheza video kwenye simu: sauti ikasikika. Akaicheza kwenye kompyuta, lakini kwa programu ya kawaida ya kutazamia video: sauti ikasikika! Nusura aruke. Kisha akaingiza wimbo katika ile programu ya kuhariri: nao ukasikika vizuri.

"Simu nzima. Spika nzima. Video nzima. Programu nayo nzima," alimwambia mama yake. "Kumbe hawa wawili, video na programu, hawaelewani tu!"

Alifungua kurasa za msaada za programu ile, akasoma taratibu. Ndivyo ilivyokuwa. Baadhi ya simu huhifadhi sauti kwa namna ambayo programu nyingine haziwezi kuisoma. Picha huonekana, sauti huachwa nje. Dawa yake ni kuigeuza kwanza video iwe katika muundo unaosomwa na programu nyingi, ndipo uihariri. Chiriku alimwomba mama ruhusa ya kupakua programu ya kugeuza. Mama alikagua kwanza tovuti yenyewe, kisha akakubali.

Asilimia kumi. Arobaini. Tisini. Mia! Chiriku aliingiza video mpya na kubofya. "Wanangu, wajukuu zangu..." Ilikuwa sauti ya bibi yenyewe, ile yenye mkwaruzo kidogo. Mama aliacha kuchapa barua ya mteja. Mteja naye akageuka kusikiliza.

Siku ya pili, akiwa karibu kumaliza kukata, aliona jambo jingine. Kufikia dakika ya tatu, bibi alikuwa amekwisha kufunga mdomo ilhali sauti ingali inasema. Alirudi kusoma. Akagundua kwamba simu haipigi picha za video kwa mwendo mmoja, sekunde hii picha nyingi, sekunde ile chache, na kwamba wakati wa kugeuza kulikuwa na sehemu ya kuchagua mwendo huo uwe sawasawa. Yeye aliiruka kwa haraka zake.

"Watu hawataona," binamu alisema. "Ni kidogo tu."

"Mimi nimeona," Chiriku alijibu. Alifuta kazi yote, akageuza video tatu upya, akaanza tena kukata. Binamu alisimama kidogo, kisha akavuta kiti na kuanza kumpangia picha za zamani. Jua halijazama, kazi ikawa imekamilika, na midomo ya bibi ilikwenda na maneno yake.

Ijumaa ukumbi wa kusubiria wa zahanati ulifurika. Shuka jeupe lilitundikwa ukutani, na sauti ya bibi ikajaa chumba.

"Mkiniona nimenyamaza leo msidhani nimenuna. Nimewapokea wengi humu ndani. Wote mlikuja uchi mkipiga kelele, hata wewe mwenyekiti wa mtaa, kwa hiyo msijivune." Watu waliangua kicheko, mwenyekiti akiwa wa kwanza. "Wauguzi, ninawaachia neno moja. Mama akibisha hodi, fungueni mlango kwanza. Kadi mtamuuliza baadaye."

Hapo kicheko kilikoma, na wauguzi wawili wakafuta macho. Bibi, aliyeketi mbele, alisimama. Aligusa koo lake, kisha akanyoosha mkono kumwelekea Chiriku. Ukumbi mzima ulipiga makofi.

Sherehe ilipokwisha, Sista alimvuta Chiriku pembeni.

"Unajua kilichoiokoa sauti ile?"

"Ile programu ya kugeuza?"

"Hiyo ilikuja baadaye. Ni ile asubuhi uliyokuja kuniambia ukweli. Ungeendelea kusema imekwisha, leo tungetazama midomo tu, au tungesikia sauti ya mtu mwingine tukadanganyika. Kusema 'nimeshindwa' kuna aibu ya dakika moja, mwanangu. Ukishaimeza, unapata nafasi ya kuuliza, kujifunza, na kufanya kazi mpaka iishe kweli."

"Nimekuelewa, Sista."

Mzee mmoja mwenye fimbo aliwasogelea. Alitazama shuka ukutani, kisha akamtazama Sista. "Samahani, fundi aliyetengeneza video ile ni nani? Nami nina maneno ya kuwaachia wajukuu wangu."

Sista alimgeukia Chiriku na kusubiri.

"Ni mimi, babu," Chiriku alisema, shingo imenyooka. "Ukae karibu na dirisha, tutapata mwanga mzuri."