Mpinzani wa Chumba cha Mazoezi

Mpira mwekundu uligonga kingo mbili, ukazunguka, ukatumbukia kwenye tundu ambalo Bingwa hakulilenga kabisa. Bahati tupu. Wachezaji wa snuka, mchezo huu wa mipira ya mezani, wana adabu zao, na nyingine, jamani, zimepita kiasi: mpira ukiingia kwa bahati, unainua mkono kumwomba radhi mpinzani wako. Bingwa alikuwa ameuinua mkono huo maisha yake yote mbele ya kamera. Mchana ule akauinua tena, akisahau kwamba yuko nyumbani, kwenye chumba chake cha mazoezi, peke yake.

"Hamna neno," sauti ikamjibu kutoka upande wa pili wa meza.

Akaangalia. Hapakuwa na mtu, ila harufu ya nywele zilizoungua. Angekimbia hapo hapo pengine angepona, lakini mazoea yana taabu. Akapiga tena, akakosa, na aliyekosa humpisha mwenzake. Akarudi nyuma. Mpira mweupe ukaondoka wenyewe.

Tangu siku hiyo hakushinda tena mchezo hata mmoja chumbani mle. Hilo angelivumilia. Lakini kila alipojaribu kutoka kabla mchezo haujaisha, mkono wake wa kulia ulikufa ganzi kuanzia begani mpaka arudi mezani, na mkono ule ndio uliomjengea jina na nyumba, na fainali ya ubingwa ilikuwa wiki ile ile.

"Tuiuze meza," mkewe alimnong'oneza jikoni, akimlisha kwa kijiko kama mtoto.

"Sema polepole. Anasikia."

"Asikie! Kwani nani kamkaribisha?"

Bingwa akainamisha kichwa. "Mimi."

Mke akajitanda khanga, akaenda kumleta mganga, mzee mfupi mwenye mkoba wa ngozi na maneno machache. Mganga akapapasa kitambaa cha kijani cha meza, akanusa vidole vyake, akakunja uso.

"Huyu hafukuzwi," alisema kwa sauti ya chini. "Kaingia kwa adabu, atatoka kwa adabu. Nyinyi mchezo ukiwashinda mnafanyaje?"

"Tunakubali. Tunapeana mkono."

"Basi kubali, baba. Umpe mkono, aende zake."

Bingwa alimtazama mkewe, mkewe akaitikia kwa kichwa, maskini, nani angekataa? Akaunyoosha mkono wa kulia juu ya meza, na ile harufu ikapanda ikawabana koo, na mganga akaanza kusoma, na mipira yote ikatikisika pale ilipokuwa bila kuguswa, na kitu cha baridi chenye vidole virefu mno kikakipokea kiganja cha Bingwa, kikakitikisa kwa heshima zote, juu chini, juu chini, mpaka mganga akamaliza kusoma akaanza upya, mpaka sauti ikamkatika katikati ya neno, akaokota mkoba wake akatoka bila kuaga, na mkono bado unapanda na kushuka.

"Inatosha, mume wangu!" Mke alimkumbatia kiunoni, akamvuta kwa nguvu zake zote. Bingwa hakusogea hata kidogo. "Umeshakubali! Achia! Nakuomba, achia!"

Bingwa alikuwa analia. Vidole vyake vyote vitano vilikuwa wazi, vimenyooka, havijashika chochote.

"Mimi nimeshaachia," alisema. "Nimeachia zamani."