Vitone Vilivyohama

Saa tatu asubuhi, daktari wa wodi ya wazee alifunua shuka lililofunika mguu wa kushoto wa Bibi, akatazama, akainama kutazama tena. Muuguzi aliyesimama nyuma yake na sinia ya dawa aliingiwa na hofu, kwa maana daktari yule hakuwa na desturi ya kutazama mara mbili.

Bibi aliugua ngozi. Bakteria walipenya kupitia ufa mdogo kati ya vidole vya mguu, na ngozi ya muundi ikaiva na kuwa nyekundu, ikavimba na kuwaka joto. Siku alipolazwa, daktari alilizungushia eneo lile vitone vya wino mzito, ili kila asubuhi aone kama ugonjwa unavuka mpaka ama unarudi nyuma. Maji ya kuogea hufifisha wino. Kwa hiyo wodi ilijiwekea utaratibu wake: ndugu anayemwogesha mgonjwa ndiye aliyevikoleza vitone upya, kwa kalamu iliyofungwa kwa uzi kitandani. Wauguzi walikuwa wachache, na hakuna aliyeona ubaya wowote.

"Jana ugonjwa ulikuwa ndani ya vitone," daktari alisema. "Leo umevivuka upana wa kidole, na dawa inaingia! Mtayarisheni. Saa sita nitaufungua mguu, nione kama nyama ya chini imeanza kuoza."

"Na ikiwa imeoza, mwanangu?" Bibi aliuliza kwa sauti ndogo.

"Nitakata kinachobidi kukatwa, Bibi."

Maambukizi yanayosambaa kwa kasi namna hiyo hayafichwi. Muuguzi alimwita afisa wa kudhibiti maambukizi, mwanamke mrefu ambaye hospitali nzima ilimwita Mama Sabuni, kwa sababu hata mkurugenzi hakupita mbele yake bila kunawa mikono.

Mama Sabuni alivaa glovu, akaupapasa mguu taratibu. Ngozi, ambayo siku zilizopita ilikaza kama ya ngoma, sasa ilikuwa imelegea na kujaa mikunjo.

"Bibi, umelalaje?"

"Nimelala fofofo. Ila njaa inaniua. Wameninyima chai, eti nakwenda kukatwa."

"Ana homa?" Mama Sabuni alimgeukia daktari.

"Hana."

"Homa imeondoka, mguu umenywea, na mgonjwa anadai chai yake. Daktari, kinachosema amezidiwa ni vitone peke yake."

"Vitone havidanganyi."

"Mwenye kalamu je?"

Daktari alimkazia macho. "Nitakusubiri hadi saa sita. Lakini kama umekosea, kuchelewa kunaweza kumuua."

Kabla ya kuondoka, Mama Sabuni aliinama, akanusa. Muundi ulitoa harufu kali ya kitakasa mikono. Chupa za dawa ile alizitundika yeye mwenyewe kwenye kila kitanda, lakini ilikuwa ya mikono, wala hakuna aliyeagizwa kumpaka mgonjwa mguuni.

Alianza na mgonjwa wa kitanda cha pili, kando ya dirisha, bibi mwenye majipu mgongoni na mikono yote miwili katika bandeji.

"Wewe Jirani, umeona nini?"

"Nimeona watu wanavyopendwa! Kila asubuhi bintiye na mkamwana wake wanagombania beseni. Mimi wangu ni mmoja, na hata simu hunipigia kwa kukosea namba."

"Kumbe unamwonea wivu."

"Namwonea, tena sana! Lakini kwa mikono hii hata pua yangu siwezi kujikuna." Akashusha sauti. "Jana jioni Bibi alisema, tena kwa sauti ya kusikika wodi nzima, kwamba akitoka hapa atakwenda kukaa kwa mkamwana. Binti alicheka. Akalikunja taulo, akalikunjua, akalikunja tena. Mimi nikasema moyoni, hicho kicheko hakijaiva."

Mkamwana, ambaye kazi yake ilikuwa ususi, alipatikana ukumbini akifuta machozi. Katika mkoba wake uliokuwa wazi ilionekana chupa ya dawa ya kufutia rangi ya kucha.

"Hiyo hufuta na wino," Mama Sabuni alisema.

"Ni ya kazi, mama! Kwani mimi nimefuta nini?"

"Nani alimwogesha Bibi leo?"

"Nilianza mimi, saa kumi na mbili asubuhi. Wifi akaja, akasema namsugua mama yake kama sufuria, akaninyang'anya kitambaa. Nikaenda kubadilisha maji, na foleni ya maji ya moto unaijua. Niliporudi, mguu ulishaoshwa na vitone vimekolezwa."

"Ulivionaje?"

"Vizuri kuliko vyangu. Vyangu hukaa kama kuku wamedonoa." Alijaribu kucheka, akashindwa. "Wifi hapendi hata nimshikie Mama kikombe."

Binti ya Bibi alikuwa fundi wa nguo. Alisimama kwenye ngazi, utepe wa kupimia ukimning'inia shingoni.

"Usinipotezee wakati, dada," alisema. "Umemwona mwenye mkoba wa madawa? Tangu aolewe anataka kuwa binti wa nyumba. Binti ni mimi!"

"Leo uliishika kalamu?"

"Sikuigusa."

"Hata kidogo?"

"Nimesema sikuigusa."

Maneno mawili yalikuwa yamegongana, na bila uthibitisho hakuna daktari ambaye angeahirisha upasuaji.

Ilipokaribia saa sita, machela ilikuwa tayari kando ya kitanda. Mama Sabuni aliwakusanya wote pale: daktari, muuguzi na mawifi wawili. Alifunika mabakuli mawili juu ya vitambaa vyeupe, akawapa wanawake wale kalamu.

"Kila mmoja azungushie bakuli lake vitone, kama anavyomfanyia Bibi."

Vya Msusi vilikwenda vikichechemea, kimoja hapa, kingine kule. Fundi naye alianza ovyo, kwa kusudi. Lakini kabla ya kufika nusu ya mzunguko, mkono wake ulikwishasahau kudanganya. Vitone vilianza kufuatana kwa nafasi sawasawa, mithili ya mshono wa kupigia bandi, ule wa kushikiza nguo kabla ya kushonwa. Alipotambua, aliiweka kalamu chini.

Mama Sabuni alikiweka kitambaa kile kando ya mguu. Vitone vya mguuni vilifuatana vivyo hivyo.

"Daktari, ugonjwa husambaa kama maji yaliyomwagika. Hukimbilia huku, husita kule. Huu umevuka kwa upana ule ule pande zote. Huo si ugonjwa. Hiyo ni nguo iliyopunguzwa kiuno."

"Mwandiko si ushahidi," Fundi alisema.

"Kweli. Ulivifuta vya zamani kwa kitakasa mikono, ukaweka vipya ndani zaidi, juu ya ngozi iliyoiva. Lakini uvimbe unaponywea, ngozi ya mzee hujikunja, na kilicho ndani ya mkunjo hakifutiki kwa haraka."

Alimgeuza Bibi ubavu kwa upole. Nyuma ya muundi aliivuta ngozi kwa vidole viwili, mkunjo mmoja, kisha mwingine. Katika wa tatu kilitokea kitone cheusi kilichofifia, mbali nje ya duara jipya, na ngozi iliyokizunguka ilikuwa ya kawaida, haina joto.

Daktari aliinama, akakigusa kwa kidole. "Mpaka wangu ulikuwa hapa," alinong'ona. "Ugonjwa ulikuwa ukirudi nyuma." Akamgeukia muuguzi. "Ondoeni machela. Bibi apewe chai yake."

Fundi aliketi sakafuni.

"Nilitaka siku mbili tatu tu," alisema. "Akitoka anakwenda kwa wifi. Hapa angalau bado ni mama yangu."

"Ulisikia kwamba mguu unafunguliwa, ukanyamaza?" Mama Sabuni aliuliza.

"Nilifungua mdomo. Nikamwona huyu amemshika Mama mkono. Nikaufunga."

Msusi alijifuta uso kwa kiganja. Bibi alimgeukia bintiye.

"Jana nilisema kwa sauti ili usikie," alisema. "Nilitaka ukatae. Nilitaka useme, Mama haendi popote. Lakini ukacheka, mwanangu. Miaka yote hii ile cherehani unaikalia mchana kutwa, mimi waniona wakati wa kuoga tu. Nikasema, naye aonje."

"Unaionea wivu cherehani, Mama?"

"Kwa nini nisiionee?"

Mama Sabuni aliikata kalamu kutoka kwenye uzi, akaitia mfukoni. "Nitauandikia uongozi jambo hili, na kosa letu pia nitaliandika. Kuanzia leo, vitone ni kazi ya wauguzi. Na wewe, Fundi, utakuja kumwona mama yako muuguzi akiwapo."

Alasiri, muuguzi alileta beseni, akakunja mikono ya sare yake, akaanza kumwosha Bibi miguu.

"Una mkono mwepesi wewe," Bibi alimsifu.

Fundi na Msusi, waliosimama kila mmoja upande wake wa kitanda, walimtupia muuguzi yule jicho la aina moja.