Bomba Jembamba la Pembeni

Kila Jumamosi Jicho alianza siku kwa kufagia chenga za chuma katika karakana ya shangazi yake, fundi wa pampu. Leo alifagia huku akimchunga Kimya, mwanafunzi mwenzake aliyekuwa akikaza skrubu. Saa nne mwalimu wa sayansi angekuja kukagua mfano wao wa injini ya roketi. Ungekwama, nafasi yao ya maonyesho ya shule ingepewa kundi la pili la darasa lao.

Kundi hilo ndilo lililoiba mchoro wake mwaka jana likapata zawadi, na Jicho hakusahau. Jana alipima maji waliyotumia badala ya mafuta: vikombe kumi viliingia kwenye pampu, tisa tu vikafika kwenye injini kubwa. Akaona bomba jembamba pembeni mwa pampu, ambalo juzi halikuwepo. Kimya ndiye aliyelichomelea.

"Huyu katumwa na lile kundi," alijiambia, akaliziba kwa nta.

Mwalimu alipofika, shangazi aliwasha jiko chini ya mkebe wenye maji kidogo. Kimya akalianzisha gurudumu kwa mkono. Mvuke wa mkebe ukapiga mapanga ya gurudumu, gurudumu likaendesha pampu, maji yakaruka. Mara mvuke ukanywea. Gurudumu likasimama.

"Ona mambo yako," Jicho alimwambia Kimya.

"Yangu yapi? Bomba kachora shangazi yako."

Shangazi alipapasa lile bomba, kidole kikarudi na nta. "Nani kaikaba roketi koo?"

Lawama zilikwisha kumwangukia Kimya; Jicho angeweza kunyamaza. "Mimi, shangazi. Nilidhani anatuibia kikombe kimoja."

"Kikombe hicho ndicho kibarua wetu: hurudi mkebeni kupitia bomba hili, kikawa mvuke. Katika roketi ya kweli, mafuta kidogo huchomwa pamoja na oksijeni kwenye chumba kidogo. Gesi yake huzungusha gurudumu, nalo huendesha pampu zinazosukuma mengine yote hadi injini kubwa. Sisi tunatumia mvuke. Umemnyima chakula anayebeba mzigo."

"Macho unayo," Kimya alisema, akizibua bomba kwa sindano. "Mdomo ulikuwa wapi?"

"Nisamehe," Jicho alijibu. Akaongeza maji mkebeni, akasubiri yachemke, akazungusha gurudumu mwenyewe. Maji yaliruka hadi kwenye viatu vya mwalimu.

"Nafasi ni yenu," mwalimu alisema, akikung'uta mguu.

Shangazi alimrudishia Jicho ufagio. "Waliokudhulumu usiwasahau, hata mimi wangu siwasahau. Ila kosa la yule usimlipishe huyu. Kabla ya kuziba, uliza."